Namba ya Aprili na Mlango Wangu: Tathmini ya Utabiri wa Msimu wa Vimbunga

Kila mwaka ifikapo Aprili, kabla joto la Houston halijaanza kututesa, simu yangu hujaa ujumbe wenye namba moja. Mwaka 2024 namba hiyo ilikuwa 23. Mama Furaha, jirani yangu mzaliwa wa Bukavu, alinisimamisha mbele ya nyumba yake akiwa bado ameshika mifuko ya sokoni, akaniuliza: "Baba Salma, wamesema dhoruba ishirini na tatu. Sasa kati ya hizo, ngapi ni zetu?" Nilimjibu kwamba sijui na wao pia hawajui, naye akacheka, akasema kwamba basi hao wenye kompyuta hawajamaliza kazi. Tangu siku ile sijapata swali bora zaidi la kuipimia huduma hii, na ndilo nitakalolitumia hapa.

Huduma yenyewe ni utabiri wa msimu wa vimbunga vya bahari ya Atlantiki, unaotolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Watoaji wanaofuatwa zaidi ni wawili. Wa kwanza ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, kilichoko Fort Collins, mji ulio chini ya milima ambako harufu ya chumvi haifiki kabisa. Huko ndiko marehemu William Gray alikoianzisha kazi hii mwaka 1984, na sasa inaongozwa na Phil Klotzbach. Wao hutangaza Aprili, kisha hurekebisha Juni, Julai na Agosti. Wa pili ni NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, ambayo hutangaza Mei na kurekebisha Agosti. Msimu huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba, na mizani inayotumika sasa ni wastani wa miaka 1991 hadi 2020: dhoruba 14 zenye majina, ambazo 7 kati yake hufikia kuwa vimbunga na 3 huwa vimbunga vikubwa. Dhoruba hupewa jina upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa, huitwa kimbunga upepo ukifikia kilomita 119, na kimbunga huitwa kikubwa upepo ukifikia kilomita 178.

Ukiipima kama chombo cha kuhesabia, kazi yao inastahili heshima. Aprili 2024 watu wa Colorado walitaja dhoruba 23, vimbunga 11 na vikubwa 5. Msimu ulipofungwa, dhoruba zilikuwa 18, vimbunga 11 na vikubwa 5. Miaka mingine hesabu iliwaponyoka. Aprili 2023 walikadiria dhoruba 13 kwa sababu El Niño, yaani joto la ziada la maji ya Pasifiki ambalo hudhoofisha vimbunga vya Atlantiki, ilikuwa njiani, lakini maji ya Atlantiki yalikuwa na joto lisilo la kawaida, zikaja 20. Aprili 2025 walitaja dhoruba 17 na vimbunga 9, zikaja dhoruba 13 na vimbunga 5. Wenyewe hukiri kwamba utabiri wa Aprili ndio dhaifu kuliko wote wanaoutoa, na kwamba ule wa Agosti ndio wa kutegemewa zaidi. Sina ugomvi nao katika hilo. Ugomvi wangu ni jinsi namba hiyo inavyosafiri. Inapotoka Fort Collins ni hesabu ya bahari nzima, tangu pwani ya Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Mexico, lakini ikifika kwenye simu ya Mama Furaha imekwisha kugeuka kuwa hesabu ya mlango wake. NOAA huandika waziwazi katika taarifa yao kwamba huo si utabiri wa vimbunga kuingia nchi kavu. Kwa bahati mbaya namba hukaa kwenye kichwa cha habari na onyo hilo hukaa mbali chini, mahali ambapo wasambazaji wa ujumbe hawafiki.

Je, msimu wenye dhoruba nyingi huleta dhoruba nyingi zaidi nchi kavu? Nilipoanza kupitia kumbukumbu za misimu iliyopita, nilitazamia kukuta mambo mawili yanayopanda na kushuka pamoja kama ndoo mbili za mti wa mabegani. Nilichokikuta hakifanani na hicho.

Nianze na mwaka 1983, kwa sababu uliwahi kusimuliwa nyumbani kwangu. Fundi wa paa aliyekuja kubadilisha vigae vyetu, mzee mzaliwa wa Galveston, alishuka kwenye ngazi, akakubali kikombe cha chai ya tangawizi, akaanza kunieleza jinsi vioo vya maghorofa ya katikati ya Houston vilivyomwagika barabarani alfajiri ya Alicia. Kimbunga Alicia kilitua kwenye kisiwa cha Galveston tarehe 18 Agosti 1983 kikiwa kimbunga kikubwa. Nilidhani ule ulikuwa mwaka wa balaa tupu, mpaka nilipotazama orodha: msimu mzima wa 1983 ulikuwa na dhoruba nne tu zenye majina. Nne! Kama ungekuwapo ujumbe wa simu wakati ule, watu wa Texas wangetumiana namba ndogo kuliko zote za kizazi chao, wakalala usingizi mnono. Mwaka 1992 nao ulikuwa na dhoruba sita zenye majina, na ya kwanza kabisa haikupata jina hadi katikati ya Agosti. Iliitwa Andrew. Tarehe 24 Agosti ilipiga Homestead, kusini mwa Miami, ikiwa ya daraja la tano, ambalo ni la juu kuliko yote.

Sasa geuza upande. Mwaka 2010 kulikuwa na dhoruba 19, vimbunga 12, na vikubwa 5, yaani karibu mara mbili ya kawaida kwa upande wa vimbunga. Vilivyotua Marekani vikiwa vimbunga: sifuri. Misimu ya 2011 na 2012 ilikuwa na dhoruba 19 kila mmoja, na yote mitatu ilipita bila kimbunga kikubwa hata kimoja kuingia nchi kavu ya Marekani. Ukame huo ulianza baada ya Wilma kupiga Florida tarehe 24 Oktoba 2005, ukadumu hadi Harvey ilipotua Texas tarehe 25 Agosti 2017, karibu miaka 12. Nilikuwa nimehamia hapa mwaka mmoja tu kabla ya Harvey, na nakumbuka wenyeji wakiniambia kwamba vimbunga vya siku hizi vimekuwa vya kwenye televisheni.

Sababu ya tofauti hii haimo katika idadi. Kimbunga hakijiendeshi, hubebwa na mkondo mpana wa upepo unaokizunguka, kama gogo linavyobebwa na mto Pangani wakati wa masika. Mbegu za dhoruba nyingi za Atlantiki huanzia kwenye bara letu: kila msimu mawimbi ya hewa yapatayo 60 huanza kujikunja upande wa nyanda za juu za Ethiopia na Sudan, huvuka Sahel kuelekea magharibi, na hutokea baharini karibu na Senegal na visiwa vya Cape Verde. Nikiwa mtoto wa Tanga, nakiri kwamba nilifurahi kijinga nilipojua hivyo, kana kwamba hata tufani nazo huhamia Marekani kutoka kwetu. Mawimbi machache kati ya hayo hukua kuwa dhoruba, na dhoruba hizo hukutana na eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa linalokaa kati ya visiwa vya Azores na Bermuda. Eneo hilo likitanuka kuelekea magharibi huziba njia ya kaskazini, na dhoruba husukumwa hadi Karibi, Florida au Ghuba ya Mexico. Likirudi mashariki huacha mwanya, na dhoruba hupinda kaskazini, zikafia katikati ya bahari baada ya kuwasumbua mabaharia tu. Juu ya Marekani kwenyewe hupita mikunjo ya mgandamizo mdogo wa hewa, na mikunjo hiyo ikikaa muda mrefu juu ya pwani ya mashariki huzigeuza dhoruba kabla hazijafika.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 2010: dhoruba za katikati ya Atlantiki zilipata mwanya zikapinda, na zile zilizozaliwa karibu na Karibi zilizuiwa na mgandamizo mkubwa uliokuwa juu ya kusini mwa Marekani, zikasukumwa magharibi. Alex na Karl zilitua Mexico. Kwa mtu wa Veracruz aliyepigwa na Karl, msimu ule haukuwa wa televisheni hata kidogo. Upepo wa kusukuma hubadilika kwa siku na kwa wiki, na hakuna mtu mwenye uwezo wa kuuona mwezi Aprili. Kwa hiyo anayetabiri msimu hukadiria magogo mangapi yatatumbukia mtoni, lakini mkondo utakaoyapeleka ufukwe huu au ule bado haujatokea.

Mwaka 2020 mkondo ulifanya kinyume. Dhoruba zilikuwa 30, rekodi kwa historia yote ya Atlantiki, na 11 kati yake ziliingia nchi kavu ya Marekani, nayo ni rekodi. Jimbo la Louisiana pekee lilipigwa angalau mara nne. Laura ilitua karibu na Cameron tarehe 27 Agosti ikiwa ya daraja la nne. Tarehe 9 Oktoba, watu wakiwa bado wamefunika mapaa yao kwa maturubai ya buluu, Delta ikatua kilomita kama 20 tu kutoka hapo. Mwezi Novemba Nicaragua nayo ikapigwa na Eta, kisha Iota, katika kipande kilekile cha pwani ndani ya wiki mbili. Mtu anayetaka kuonyesha kwamba msimu wenye shughuli nyingi ni hatari kwa pwani huuchukua mwaka huu na kuufunga mjadala, lakini 2010 upo kwenye daftari hilohilo, nao haufutiki.

Kosa la pili la kutumia idadi ni kwamba hesabu huziweka dhoruba zote kwenye kapu moja. Chukua jina moja tu, Imelda. Mwaka 2019 Imelda ilikuwa dhoruba dhaifu kabisa. Ilipata jina na kutua karibu na Freeport, Texas, siku hiyohiyo ya tarehe 17 Septemba, na kwenye jedwali la msimu ni moja tu, tena ya cheo cha chini. Ilimwaga zaidi ya milimita 1,000 za mvua mashariki ya Houston. Mwaka 2025 jina hilohilo lilirudi, safari hii likiwa kimbunga kamili, nacho kikapinda kuelekea Bermuda bila kuigusa Marekani. Kwa mtabiri wa idadi, Imelda ya pili ndiyo yenye uzito. Kwa shemeji yangu, ambaye gari lake lilizama hadi kwenye usukani katika barabara ya kuingilia Beaumont, ni ile ya kwanza. Allison ya Juni 2001 haikuwahi kufikia kuwa kimbunga, na bado ndiyo iliyozamisha hospitali na vyumba vya chini vya maghorofa ya Houston, hata jina lake likastaafishwa.

Msimu wa 2025, kwa jumla, ungemchanganya mtu yeyote. Dhoruba 13, chini kidogo ya wastani. Hakuna kimbunga kilichotua Marekani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 2015. Hapa mtaani tulisema msimu ulikuwa mpole. Tarehe 28 Oktoba Melissa ilitua magharibi mwa Jamaica ikiwa na upepo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Ni maneno ya kuogopesha kuyaandika, "msimu mpole", ukijua kuna mtu wa Westmoreland, Jamaica, anayeweza kuyasoma.

Baada ya yote hayo mtu anaweza kudhani jibu langu ni kwamba idadi haina uhusiano wowote na nchi kavu. Hapana, uhusiano upo. Kwa wastani wa miaka mingi, katika kila vimbunga vinne vya Atlantiki, kimoja hivi huipiga Marekani, na misimu yenye vimbunga vingi, ukiikusanya pamoja, huleta vingi zaidi pwani kuliko misimu yenye vimbunga vichache. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba uwezekano wa Marekani kupigwa na vimbunga viwili au zaidi katika mwaka mmoja ni asilimia 28 wakati wa El Niño, asilimia 48 katika miaka ya kawaida, na asilimia 66 wakati wa La Niña, yaani maji ya Pasifiki yanapopoa. Tofauti hiyo si ndogo. Inatokana na kwamba El Niño huzidisha tofauti kati ya upepo wa chini na upepo wa juu angani katika Karibi na Atlantiki ya kitropiki, na tofauti hiyo huukata kichwa mnara wa mawingu kabla haujasimama. La Niña huiondoa. Hata hivyo, mwaka 2017 mtafiti James Kossin alionyesha jambo linalovuta upande wa pili: katika vipindi ambavyo bahari kuu hurutubisha vimbunga vingi, tofauti ya upepo huelekea kuongezeka karibu na pwani ya Marekani, na hivyo vimbunga hukosa nafasi ya kujiongezea nguvu dakika za mwisho.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ukubwa wa kipande cha pwani unachokiulizia. Wavuvi wa kwetu Tanga wanalielewa bila kufundishwa. Samaki wakiwa wengi msimu huu, madema yote ya pwani kwa jumla yatatoka na samaki wengi zaidi, na mnunuzi mkubwa anayekusanya kutoka kila bandari anaweza kupanga biashara yake juu ya hilo. Mwenye dema moja, aliyelitega kwenye mwamba mmoja, anaweza kulitoa tupu katika mwaka wa neema na akalitoa limejaa katika mwaka wa njaa. Kampuni za bima, serikali kuu na mashirika ya misaada yana madema kila mahali. Kwao namba ya Aprili ni mali. Mama Furaha ana dema moja, nami vilevile.

Kwa haki yao, watu wa Colorado wameshajaribu kulijibu swali lake, na hiki ndicho kipengele cha huduma ninachokisifu kuliko vyote. Pamoja na namba, huambatisha jedwali la uwezekano wa kimbunga kufika pwani, kwa Marekani nzima, kwa kila jimbo, hata kwa wilaya mojamoja za pwani na kwa nchi za Karibi na Amerika ya Kati. Wastani wa kihistoria wa kimbunga kikubwa kutua popote katika pwani ya Marekani bara ni asilimia 43 kwa mwaka. Aprili 2024, pamoja na mbiu yote ile ya 23, jedwali lilisema asilimia 62. Zitazame namba hizo mbili kwa utulivu. Utabiri uliotangazwa kwa sauti kubwa kuliko wowote waliowahi kuutoa mwezi Aprili ulikuwa bado unaacha nafasi ya asilimia 38 kwamba hakuna kimbunga kikubwa kitakachotua Marekani. Na mwaka wa kawaida kabisa, ambao hakuna anayetuma ujumbe kuuhusu, una hatari inayokaribia kurusha shilingi. Ukishuka hadi wilaya moja, asilimia huwa ndogo mno, na mwaka mbaya huzipandisha kidogo tu.

Jedwali hilo nalo lina mpaka wake, na ni vyema anayelitumia aujue. Watu wa Colorado huchukua historia ya kila kipande cha pwani, kisha huipandisha au kuishusha kufuatana na wingi wa shughuli wanaoutarajia msimu huo. Halijui kwamba mwaka huu upepo utaelekea Texas badala ya Florida. Hata hivyo linasema kweli kwa lugha ya uwezekano, na lau ningekuwa mhariri wao ningelipandisha ukurasa wa kwanza na kuiteremsha ile namba ya dhoruba kwenye ukurasa wa pili.

Huduma ninayoitegemea msimu ukishaanza ni nyingine, ile ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami. Hao hawatabiri msimu. Hushughulika na dhoruba iliyopo. Kila baada ya saa sita hutoa taarifa yenye mahali ilipo, nguvu yake, na njia inayotarajiwa kwa siku tano, ikichorwa kama koni inayotanuka kadiri siku zinavyosonga mbele. Koni hiyo hupimwa kwa makosa yao wenyewe ya miaka mitano iliyopita, kiasi kwamba kitovu cha dhoruba hubaki ndani yake takriban mara mbili katika kila tatu. Maana yake ni kwamba mara moja katika kila tatu hutoka nje. Nimewaona watu wakiweka kidole kwenye ukingo wa koni, wakipima nusu ya ukucha, na kutangaza kwamba wamesalimika. Koni haisemi lolote kuhusu upana wa mvua wala wa upepo.

Beryl ndiyo iliyonifundisha kuzitofautisha huduma hizi mbili. Ilivunja rekodi kwa kufikia daraja la tano mapema Julai 2024, baada ya kuikumba Carriacou huko Grenada tarehe 1 Julai. Siku kadhaa mstari wake ulielekezwa mpakani mwa Mexico na Texas, kisha mwishoni mwa wiki ukaanza kupanda kaskazini, taarifa baada ya taarifa, kuelekea kwetu. Nilikuwa nayo karatasi ya ramani ambayo maduka makubwa ya huku huwapa wateja bure, nimeibandika kwenye friji kwa sumaku, na Salma alikuwa akiweka nukta kwa kalamu nyekundu kila taarifa ilipotoka. Nukta zake za Jumamosi zilianza kupinda. Hakuna namba ya Aprili iliyoweza kunionyesha kitu kile.

Namba ya Aprili ingenisaidia kwa jambo moja tu, nami nililichezea. Bima ya kawaida ya nyumba hapa Marekani hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali kuu hununuliwa peke yake, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Utabiri unaotoka Aprili, kwa hiyo, unakuja wakati mzuri kabisa wa kulifanya jambo hilo, hata kama hausemi lolote kuhusu mtaa wako. Mei niliingia katika ofisi ya wakala mmoja wa bima, ambaye aliniambia kwa upole kwamba sina haja ya haraka, kwa kuwa vimbunga vya Texas huja Agosti na Septemba. Nilinunua tarehe 17 Juni. Beryl ilifika tarehe 8 Julai, ikiwa imebaki siku tisa bima ianze. Maji yaliyoingia gereji hayakuwa mengi, ila yaliloweka mazulia mawili yaliyoviringishwa na kuiua mashine ya kufulia, na kwa siku sita tulizokaa bila umeme, tukiwa miongoni mwa zaidi ya wateja milioni mbili wa eneo hili waliokatikiwa, nilipata wasaa wa kutosha wa kuhesabu siku 30 kwa vidole.

Nikiombwa nyota, nitaipa namba ya dhoruba nyota mbili kati ya tano kwa matumizi ya nyumbani, si kwa sababu wanasayansi wake ni wabovu, bali kwa sababu inajibu swali ambalo mwenye nyumba hakuliuliza. Jedwali la uwezekano nalipa nne. Kituo cha Miami nakipa tano, pungufu ya lalamiko moja: taarifa zao nimezikuta kwa Kiingereza na Kihispania, na mtaa wetu umejaa watu wa Goma, Bukavu na Uvira wanaosubiri mtoto atoke shuleni awatafsirie. Mwaka ule kazi hiyo niliifanya mimi kwa sauti za simu, na ndipo tulipogundua kituko cha saa. Kwa saa za Houston wakati wa kiangazi, taarifa za Miami hutoka saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa nne usiku. Kwa Kiingereza saa nne yetu ni kumi, na saa kumi yetu ni nne, kwa hiyo hata ukizichanganya, wakati wowote utakaofungua simu utaikuta taarifa mpya.

Jumapili ile jioni mtangazaji wa televisheni alisema taarifa inayofuata ni ya kumi. Mama Furaha aliisikia kumi hiyo akaielewa kuwa saa kumi yetu, akatega kengele ya simu, akalala. Akaamka saa kumi alfajiri, mti wa mbele ukikwaruza dirisha, akafungua taarifa: Beryl ilikuwa ikitua wakati uleule karibu na Matagorda. Alinitumia sauti ya sekunde tatu, na upepo ukisikika nyuma yake. "Baba Salma, ile yetu imefika."